Dume wangu kapigwa eksirei ya nyonga, je ataendelea kutoa watoto vilema?

Swali: "Dokta habari za kazi. Mi nafuga German Shepherd huku Kibaha, nina dume wa miaka 3 na majike mawili. Mwezi wa pili nilimpeleka dume akapigwa eksirei ya nyonga maana wateja siku hizi wanaulizia, picha ya kwanza ikatoka vibaya akarudiwa ya pili siku hiyo hiyo. Wiki 3 baadae akampanda jike wangu mkubwa, huyu jike nilimtoa kwa mfugaji yule yule aliyeniuzia dume. Kazaa watoto 7, mmoja kaakaa limepasuka, akinyonya maziwa yanatokea puani, siku ya tatu akafa. Mwingine ana doa jeupe kifuani. Kwenye mimba jike hakuumwa chochote zaidi ya choa, nikampa vidonge vya fangasi vya duka la dawa ikaisha. Jirani yangu aliyesomea maabara anasema mionzi imeshaunguza mbegu za dume, nimhasi maana atatoa vilema kizazi hadi kizazi, akanionyesha na picha za mbwa wa Chernobyl wenye rangi ya bluu. Alafu nyuma ya nyumba kuna mnara wa simu. Wiki ya pili hii sijalala vizuri. Nimhasi? Na hawa 6 waliobaki wameshabeba hayo mabadiliko? Na jike wa pili nilitaka nimpige eksirei kabla ya kupandisha, niache?"

Pole sana kaka kwa huyo mtoto, kumkuta mtoto wa mbwa maziwa yanamtoka puani na huna la kufanya ni kitu kinachouma, na naelewa kwa nini umekosa usingizi maana unachoogopa hasa ni kwamba wewe mwenyewe ndio umemharibu mbwa wako kwa kumpeleka hospitali. Nianze na hilo ili ulale leo: usimhasi, na hiyo eksirei ni mtuhumiwa wa mwisho kabisa kwenye hii kesi. Kwenye swali lako kuna vitu viwili umevitaja kwa kupita tu kama vile havina uzito, na hivyo ndivyo vilivyonifanya nisimame nisome mara ya pili. Nitavifikia. Ila kwanza twende kwenye mionzi, maana jirani yako hajadanganya yote, kuna sehemu yuko sahihi, na ukielewa ni wapi yuko sahihi na wapi kapitiliza hutababaika tena siku mtu mwingine akija na picha zake.

Kwamba mionzi inaweza kubadilisha jeni za mnyama na mabadiliko hayo yakaenda kwa watoto, hiyo ni kweli na imejulikana tangu 1927. Mmarekani mmoja anaitwa Hermann Muller alichukua nzi wa matunda, hawa wadogo wanaozunguka ndizi zikiiva, akawapiga madume kwa eksirei kali alafu akawapandisha na majike aliowatengeneza kwa ustadi, kiasi kwamba kama kuna kitu kimeharibika vibaya kwenye kromosomu ya eksi ya yule dume (kromosomu ni mafungu yanayobeba jeni), basi ukifika kwa wajukuu chupa nzima anayowafugia inatoa majike peke yake, hakuna dume hata mmoja. Yaani hakuhitaji hadubini kali wala nini, anaangalia chupa tu. Akaripoti kwamba mabadiliko yaliongezeka karibu mara 150 kuliko kawaida, na 1946 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwahiyo jirani akisema mionzi inagusa kizazi, msingi anao. Ila Muller alitumia dozi kubwa sana, dozi ambayo nzi anaivumilia lakini mbwa wako angepigwa hivyo mwili mzima asingefika hata nyumbani.

Sasa inafanyaje kazi. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ikipita kwenye seli inaweza kuipiga DNA moja kwa moja, lakini mara nyingi zaidi inapiga maji, maana seli imejaa maji, na yale maji yakivunjika yanatoa vipande vikali vinavyoenda kuunguza chochote kilicho karibu, DNA ikiwemo. DNA ni nyuzi mbili zimesokotwa kama kamba. Ukikatika uzi mmoja sio tatizo kubwa, seli inaangalia ule mwenzake uliobaki mzima na kuziba pengo kwa kunakili. Balaa ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika sehemu moja, hapo seli inabaki na ncha mbili zinaning'inia na inabidi iziunge kwa haraka, na ikiunga kwa haraka inaweza kupoteza kipande, au kugeuza kipande juu chini, au kuunga ncha ya kromosomu hii na ya kromosomu nyingine kabisa. Dozi ya grei 1 (grei ndio kipimo cha mionzi iliyomezwa na mwili) inakata uzi mmoja mmoja kama mara elfu moja kwa kila seli na nyuzi zote mbili kama mara 40, na sehemu kubwa sana ya hayo yote seli inaiunga vizuri na maisha yanaendelea. Ujue pia kwamba hata bila mionzi DNA ya kila seli inaumia maelfu kwa maelfu ya mara kila siku kwa sababu ya joto la mwili na hewa tunayovuta, ndio maana seli zina mafundi wa kukarabati wasiolala.

Lakini kuumia kwa DNA sio sawa na kurithisha, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Fikiria bibi kijijini akivuna mahindi. Kuna yale ya kula yanaenda ghalani, na kuna yale machache anayachagua anayaning'iniza darini juu ya moshi wa jiko kwa ajili ya msimu ujao. Dumuzi wakila ya ghalani utalala njaa mwaka huu ila shamba la mwakani haliguswi. Wakila yale ya juu ya moshi hapo ndio msimu ujao una shida. Mwili wa mbwa ni hivyo hivyo, seli za ngozi, mfupa, ini, damu zote ni mahindi ya ghalani, zikipata mabadiliko mbwa mwenyewe anaweza hata kupata saratani miaka ya mbele lakini watoto wake hawarithi kitu. Kinachorithiwa ni kile kilichotokea kwenye mbegu za kiume au mayai, au kwenye seli mama zinazozitengeneza. Kwahiyo mbwa akipigwa eksirei ya mguu wa mbele au ya kifua, habari ya kizazi karibu haipo kabisa. Ila nyonga ni kesi tofauti na sitakuficha, picha ya nyonga korodani zinaweza kuwa ndani kabisa ya eneo la picha au pembeni yake. Hapo swali linakuwa la haki.

Na kuna jambo lingine ambalo nikilificha nitakuwa sijakutendea haki. Kwa mbwa, mbegu inachukua siku kama 62 kutengenezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha inakaa wiki mbili hivi kwenye mrija ikikomaa. Seli zile za mwanzo zina mafundi wao wa kukarabati, na zikiumia sana zinajiua zenyewe, ni njia nzuri ya kusafisha. Ila mbegu ikishafika hatua za mwisho, ikaanza kufungasha DNA yake na kuota mkia, mafundi wanakuwa wameshaondoka, ikikatika inabaki imekatika hadi iingie kwenye yai, na hapo yai ndio linajaribu kuiunga. Dume wako alipanda wiki 3 baada ya eksirei. Maana yake mbegu alizotumia, siku ya picha zilikuwa kwenye hizo hatua za mwisho zisizo na fundi. Kwa nadharia huo ndio muda mbaya kuliko yote ungeweza kuchagua. Nimekuambia hivyo kwa makusudi, ili nikikuambia sentensi inayofuata usidhani nakupoza.

Dozi yenyewe ni ndogo mno. Picha moja ya nyonga ya mbwa ni milligrei chache, tuseme kwa kuhesabu vibaya kabisa 3, umepiga mbili basi weka 6. Sasa tunajuaje 6 ni ndogo? Baada ya vita ya pili ya dunia mume na mke, William na Liane Russell, walianza kule Oak Ridge, Tennessee, Marekani, kazi ambayo mpaka leo ndiyo tunayoiegemea. Walichagua jeni 7 za panya ambazo zikiharibika unaona kwa macho, rangi ya manyoya, rangi ya macho, sikio fupi, vitu hivyo. Wakawapiga madume mionzi, wakawapandisha na majike ambao kwenye hizo jeni 7 walikuwa na nakala mbovu tupu, kwahiyo kama baba kaharibikiwa moja kati ya hizo mtoto anazaliwa na rangi tofauti au sikio fupi na unamwona hapo hapo kwenye boksi. Walikagua mamia ya maelfu ya panya kwa miaka mingi. Wakaona ndiyo, kwa mamalia mionzi inaongeza mabadiliko, na dozi ikiwa kubwa yanaongezeka zaidi. Ila wakaona pia, na hii waliitoa 1958, kwamba dozi ile ile ukiitawanya kidogo kidogo kwa wiki nyingi mabadiliko kwenye seli mama za dume yanashuka hadi kama theluthi tu, kwa sababu seli zinapata nafasi ya kuunga. Kutokana na kazi hizo na data za binadamu, wataalamu wa mionzi duniani wanatumia makadirio kwamba ili uongeze mabadiliko ya jeni mara mbili ya yale yanayotokea yenyewe unahitaji kama grei 1 kwenye korodani au mayai. Grei 1 ni milligrei 1000. Dume wako kapata 6 tukihesabu kwa ukali. Yaani umeongeza sehemu ndogo chini ya asilimia 1 juu ya ile hatari ambayo kila dume duniani anatembea nayo tangu azaliwe, na hata nikisema zile mbegu za hatua za mwisho ni dhaifu mara kadhaa kuliko seli mama, bado tuko kwenye asilimia chache tu juu ya kitu ambacho chenyewe ni adimu.

Alafu kuna picha moja iko vichwani mwa watu kwamba mnyama aliyepigwa mionzi anazaa vitoto vya ajabu ajabu. Kwa hali halisi haiendi hivyo, na mfano mzuri tunao hapa hapa kwetu. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa mionzi. Walikuwa wanazalishwa Tanga kwa wingi, madume wanapigwa mionzi ya gama kwa dozi kubwa, alafu wanapelekwa Unguja na kumwagwa kwa ndege. Kati ya 1994 na 1997 walimwagwa zaidi ya milioni 8. Jike wa mbung'o kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani, akishapandwa na dume wa aina hiyo basi. Na nini kinatokea, anazaa mbung'o wenye vichwa viwili? Hapana, hazai kitu. Mbegu zinafika, zinaingia kwenye yai, ila kromosomu zimekatika katika kiasi kwamba kiinitete kinakufa mapema kabla hakijawa chochote. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996 na kisiwa kikapona nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o. Hiyo ndiyo sura halisi ya mionzi mikali kwenye kizazi: mimba zinazotoka, uzao unaopungua, utasa. Vipande vikubwa vya DNA vikipotea mara nyingi mtoto hafiki kuzaliwa. Kwahiyo kama kweli mbegu za dume wako zingekuwa zimeungua kama jirani anavyosema, ningetegemea jike asishike mimba au azae mmoja wawili. Jike wako kazaa 7. Huo ni uzao mzuri tu wa German Shepherd.

Kuhusu Chernobyl, mi mwenyewe naifuatilia sana hii habari kwa hiyo vumilia nikae hapo kidogo. Mtambo wa nyuklia wa kule Ukraine ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, watu wakahamishwa haraka wakaacha mbwa wao, na wale waliosalimika wamezaana hadi leo. 2023 ulitoka utafiti wa DNA za mbwa 302 wa maeneo yale, wanaoishi pale pale mtamboni, wa mji wa Chernobyl wenyewe kama kilomita 15 kutoka hapo, na wa mji wa mbali zaidi. Wakakuta mbwa wa mtamboni ni tofauti na wengine, na cha kukufurahisha wewe ni kwamba wana damu nyingi ya mbwa wa aina ya kichungaji, ndugu wa hao wako. Watu wakaipokea hiyo habari kama vile tofauti yote imeletwa na mionzi. Lakini mbwa waliofungiwa sehemu moja kwa miaka zaidi ya 30 wakizaana wenyewe kwa wenyewe lazima watofautiane na wengine, hata ungewafungia kisiwani Mafia kusiko na ajali yoyote ya mionzi. Utafiti mwingine wa 2024 ukatafuta moja kwa moja dalili za mabadiliko yaliyozidi kwenye DNA zao, haukuziona. Na wale wa bluu waliosambaa 2025, wanaowahudumia walisema inaonekana walijigaragaza kwenye kemikali, pengine ya choo cha kuhamishika. Rangi ilikuwa juu ya manyoya, haikutoka kwenye jeni.

Sisemi kwamba Chernobyl hakukutokea kitu. Mbayuwayu wa kule walionekana na mabaka meupe kuliko wa sehemu nyingine, na utafiti wa 1997 uliona mabadiliko zaidi kwenye DNA za watoto wao, na Japani baada ya ajali ya Fukushima ya 2011 kuna watafiti walioripoti vipepeo wenye mabawa na macho yenye kasoro hadi kizazi kilichofuata. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu tafiti hizo, dozi zilipimwaje, chakula kilikuwa nini, wangapi walihesabiwa. Ila angalia ni mazingira gani tunazungumzia: wanyama wanaokula, kunywa na kulala kwenye mionzi miaka yote. Sio dakika moja juu ya meza ya hospitali. Na kwa binadamu, watoto kama 77,000 wa watu walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi na haijaonekana kwamba wana kasoro za kurithi kuliko wenzao, na 2021 wakasomwa DNA nzima watoto 130 wa wazazi waliopata mionzi ya Chernobyl, wengine baba zao walikuwa kwenye kikosi cha kusafisha pale, mabadiliko mapya waliyokuwa nayo hayakuzidi ya watoto wengine. Haina maana kwamba mionzi haigusi kizazi cha binadamu, panya wametuonyesha inagusa, ila athari ni ndogo kiasi kwamba inazama kwenye mabadiliko ya kawaida ambayo kila mtoto anazaliwa nayo, maana mimi na wewe kila mmoja alizaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo wazazi wetu hawana, bila eksirei yoyote.

Mnara wa simu nitaumaliza haraka. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni, kwahiyo hayakati DNA kama eksirei. Na kuzidisha wingi wake hakusaidii: ukiurushia mnazi chembe za mchanga mwaka mzima nazi haidondoki, jiwe moja linaidondosha siku hiyo hiyo. Eksirei ni mawe, simu ni mchanga. Usihame nyumba.

Sasa vile vitu viwili.

Cha kwanza, jike ulimtoa kwa mfugaji yule yule aliyekuuzia dume. Kaka, hao wanaweza kuwa ndugu. Wafugaji wengi wadogo wana dume mmoja anayepanda majike yote, kwahiyo wako wanaweza kuwa baba mmoja mama tofauti na hakuna aliyekuambia. Kila mbwa amebeba jeni kadhaa mbovu ambazo hazionekani kwa sababu ana nakala nzuri upande wa pili. Ukipandisha ndugu, wote wawili wanaweza kuwa wamebeba ule ule ubovu wa babu mmoja, na mtoto anayechukua nakala mbovu pande zote mbili ndiye anatokea na kasoro. Mpasuko wa kaakaa kwa mbwa ni moja ya kasoro zinazojulikana kutokea kwenye koo fulani kwa kurithi. Na hesabu yake, mmoja kati ya 7 wakati wazazi wote wazima, inaendana kabisa na hali kama hiyo.

Cha pili kinanipa wasiwasi zaidi: vidonge vya fangasi. Hukuandika jina, ila dawa ya vidonge ya choa ambayo imekuwa ikiuzwa sana madukani ni griseofulvin, na hiyo ni moja ya dawa zinazojulikana vizuri kabisa kusababisha vilema kwa watoto wa mbwa na paka mama akipewa na mimba, na mpasuko wa kaakaa ni katika hivyo vilema. Kaakaa la mtoto wa mbwa linaungana karibu na kutimiza mwezi mmoja wa mimba, likikosa kuungana siku hizo haliungani tena. Kwahiyo tafuta lile boksi au ile karatasi, angalia jina, na ukumbuke ulimpa wiki ya ngapi. Kama ndio hiyo na ulimpa kwenye mwezi ule wa kwanza, basi una maelezo yenye nguvu kuliko mionzi mara nyingi sana, na maelezo hayo yana habari njema ndani yake, kwa sababu kilema kilicholetwa na dawa tumboni hakirithiwi. Kimeharibu mjengo wa yule mtoto mmoja, hakijagusa jeni za baba wala za mama. Na tafadhali usijilaumu, hukuambiwa, choa inawasha na ulitaka kumsaidia mnyama wako. Ila kuanzia leo jike mwenye mimba asimeze kidonge chochote cha duka la dawa bila daktari wa mifugo kujua kwamba ana mimba.

Hawa 6 waliobaki, kama wananyonya vizuri na wanaongezeka uzito waache wakue. Doa jeupe kifuani ni kitu cha kawaida kwa German Shepherd, lipo kwenye koo zao tangu zamani, halina uhusiano na lolote katika haya. Wafungue midomo mmoja mmoja uangalie kaakaa kwa tochi, maana kuna mipasuko midogo nyuma kabisa ambayo mtu haioni. Waeleze wanunuzi ukweli kwamba kulikuwa na mmoja mwenye mpasuko, na wasipandishwe wao kwa wao. Mi ningewauza kama mbwa wa ulinzi, wa kuzalisha ningesubiri mpaka ujue lile boksi linasema nini.

Dume muache na heshima yake. Usirudie kumpandisha na huyu jike mpaka upate ukoo wao, nenda kwa yule mfugaji muulize vizuri kabisa baba ni nani na mama ni nani. Ukitaka kumtumia mpandishe na jike wa damu ya mbali, na kama roho haijatulia bado basi subiri miezi 3 tangu siku ya eksirei, hapo mbegu zote zilizokuwepo siku ile zitakuwa zimeshatoka na mpya zimechukua nafasi. Nahisi hiyo miezi 3 imeshapita hata wakati unaniandikia. Na uzao ujao ukitoka mzima na jike wa damu nyingine, umepata jibu zuri zaidi ya maneno yangu.

Jike wa pili mpige hiyo picha, usiache. Na hapa nakuuliza kitu ambacho hukukiandika: majibu ya nyonga za dume yalisemaje? Umeniandikia habari ya mionzi yote lakini matokeo yenyewe hukuyataja. Nyonga mbovu kwa German Shepherd zinarithiwa kwa kiasi kikubwa, chakula na uzito vinachangia ila msingi uko kwenye damu, na mbwa anaweza kuonekana anakimbia vizuri kumbe ana nyonga mbovu anazozigawa kwa kila uzao. Kama picha ilionyesha nyonga zake ni mbovu, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kufikiria kutompandisha tena, na hapo jirani atakuwa amefika kwenye jibu la kumtoa kwenye uzazi kwa njia isiyo sahihi. Kwa jike ni vizuri picha ipigwe wakati hana mimba. Sio kwa sababu ya kurithisha, ni kwa sababu kiinitete cha wiki za mwanzo kinajengwa kwa kasi na hatupendi kukigusa bila sababu. Ile picha ya mwishoni ya kuhesabu watoto tumboni, baada ya siku ya 45 hivi mifupa ikishaonekana, hiyo haina neno.

Mpeleke dume kwa daktari wa mifugo akamkague ukiona korodani zimevimba au zimesinyaa, au majike wawili tofauti wakipandwa vizuri na wasishike, au uzao wa pili na jike asiye ndugu ukatoka tena na kilema. Hapo zinapimwa mbegu zenyewe kwa hadubini, na ukifika hatua ya kuhitaji kipimo cha DNA daktari atakuelekeza sampuli ipelekwe wapi. Na kama siku moja mbwa wako akatibiwa saratani kwa mionzi maeneo ya kiunoni, hiyo ni dozi ya grei nyingi, sio milligrei, mbwa huyo ndiye wa kumtoa kwenye uzazi bila kujadili.

Kitu cha mwisho ni chako wewe na sio cha mbwa. Ulimshika mwenyewe wakati wa picha? Wafugaji wengi wanamshika mbwa kwa mikono mitupu, mara mbili, mara tatu, kila mwezi mbwa tofauti. Mbwa apewe dawa ya kumlaza na watu watoke nje ya chumba, ikishindikana anayemshika avae aproni ya madini ya risasi na glavu zake na mikono isiwe ndani ya picha, na mama mjamzito asiingie kabisa. Mashine za eksirei kwa Tanzania zinatakiwa ziwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, una haki ya kuuliza kibali kabla ya kumlaza mbwa mezani. Uliza hilo unapoenda na jike wa pili, na uchukue nakala ya majibu ya dume ukiwa hapo hapo.